Kuchagua Mbao Ngumu za Sakafu kwa Nyumba ya Lubumbashi

Mtu anayetaka kuweka sakafu ya mbao Lubumbashi mara nyingi huanza na rangi. Huja na picha ya sebule aliyoipenda, yenye sakafu ya kahawia iliyokolea au nyekundu inayong'aa, kisha humwuliza fundi ni mti gani unaofanana na ule. Swali hilo lina nafasi yake, lakini katika mji huu nafasi hiyo ni ya mwisho. Sakafu za mbao zinazoharibika hapa haziharibiki hasa kwa sababu mti ulikuwa laini mno au rangi haikupendeza. Huharibika kwa sababu mbao zilipigwa misumari zikiwa bado na maji ndani, au kwa sababu mti uliochaguliwa ni wa aina inayovimba na kunywea kupita kiasi kila msimu unapobadilika. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata utaratibu ulio kinyume na wa dukani: hewa ya mji kwanza, kisha utulivu wa mti, ukavu wa mbao, upana na umbo la vipande, na rangi baada ya hayo yote.

Hewa ya mji na tabia ya mbao

Lubumbashi iko juu ya uwanda ulioinuka takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mvua hushika hasa kuanzia Novemba hadi Machi, na kuanzia Mei hadi Septemba karibu hainyeshi kabisa. Usiku wa Juni na Julai ni wa baridi, na kufikia Agosti na Septemba hewa ya mchana imekauka kiasi kwamba midomo inapasuka na vumbi jekundu linaingia hadi ndani ya makabati. Mabadiliko hayo ndiyo jambo la kwanza ambalo mwenye nyumba anapaswa kulifikiria, kwa sababu ubao, hata uliokatwa miaka mingi iliyopita, hauachi kubadilishana unyevu na hewa inayouzunguka. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 80, ubao ulioachwa humo kwa muda mrefu hutulia kwenye unyevu wa ndani wa karibu asilimia 16. Hewa ikiwa na asilimia 50, ubao hutulia kwenye karibu asilimia 9, na hewa ikishuka hadi asilimia 35, ubao hushuka hadi karibu asilimia 7. Nyumba iliyofungwa vizuri hupunguza mabadiliko haya, lakini haiyaondoi.

Ubao ukipoteza unyevu hunywea, na ukipata unyevu huvimba. Kwa urefu hubadilika kidogo mno hata haifai kuhesabiwa, lakini kwa upana hubadilika sana, na kiasi cha mabadiliko hutegemea mti. Chukua ubao wa mvule wenye upana wa milimita 120, uliopasuliwa kwa njia ya kawaida. Mvule hunywea karibu asilimia 5.5 ya upana wake tangu ukiwa mbichi hadi ukauke kabisa, yaani chini kidogo ya asilimia 0.2 kwa kila alama moja ya unyevu inayopotea. Ukiwekwa sakafuni ukiwa na asilimia 14 mwezi wa Februari na kushuka hadi asilimia 8 mwezi wa Septemba, utanywea karibu milimita 1.3, na ufa wa kiasi hicho utaonekana kati ya kila ubao na jirani yake. Mikaratusi, ambayo baadhi ya aina zake hunywea kiasi cha asilimia 11, itaacha ufa wa karibu milimita 2.6 katika hali ileile. Sarafu ndogo itatumbukia humo, mchanga utajaa, na mvua ikirudi mbao zitavimba huku mchanga umeziba nafasi zao. Ndipo sakafu inapoinuka katikati ya chumba.

Watu wenye ndugu Bukavu au Goma hunisimulia juu ya sakafu za mbao zilizodumu huko kwa miaka mingi bila shida, nami nawasadiki. Pale kandokando ya ziwa Kivu kiangazi ni kifupi, na tofauti kati ya msimu na msimu si kali kama ya huku kwetu Katanga. Mti ambao haukumsumbua mtu kule unaweza kumsumbua hapa, na kwa hiyo ushauri wa fundi wa Bukavu, hata awe hodari namna gani, upimwe kwa hewa ya hapa kabla ya kufuatwa.

Miti ya kutafuta na miti ya kuepuka

Kama ningeruhusiwa kutaja mti mmoja tu kwa sakafu ya Lubumbashi, ningetaja mninga, ambao huku wengi wanauita mulombwa. Unamea katika misitu ya miombo, uzito wake ni wa wastani, yaani karibu kilo 640 kwa mita moja ya ujazo ukiwa mkavu, na kunywea kwake ni kudogo sana ukilinganishwa na miti mingine ya uzito huo. Kiini chake hustahimili mchwa na kuoza. Rangi yake huanzia kahawia ya dhahabu hadi kahawia yenye michirizi myekundu, na haibadiliki sana kwa miaka. Wapo wanaoukataa wakisema si mgumu kama mbao nyingine, na ni kweli kwamba kisigino chembamba cha kiatu cha mwanamke kinaweza kuuacha na alama. Lakini alama ndogo ya kisigino hupigwa msasa ikatoka, ilhali sakafu iliyojipinda haina dawa ila kung'olewa.

Mvule unafuata kwa karibu. Wafanyabiashara wengi wa Kongo huuita kambala au iroko, na mbao zake hutoka katika misitu minene ya kaskazini zaidi kuliko huku kwetu. Ni mti mtulivu, unaodumu, wenye rangi ya manjano inayogeuka kahawia ya dhahabu kadiri unavyopata mwanga. Una mambo mawili ambayo fundi wako lazima ayajue kabla ya kuanza. Ndani yake mara nyingine huwa na vijiwe vya chokaa vinavyoharibu meno ya msumeno na makali ya randa, na utomvu wake unaweza kuzuia baadhi ya vanishi zisikauke. Jaribu vanishi kwenye kipande kimoja, subiri siku mbili au tatu, ndipo uamue. Vumbi lake, kama lile la mninga, huwasha pua na kifua, kwa hiyo anayepiga msasa afunike pua na mdomo kwa barakoa, si kwa kitambaa chochote alichokiokota.

Mbambakofi ni mzito zaidi, karibu kilo 800 kwa mita ya ujazo, mgumu, mtulivu na wenye kudumu, na unafaa sana mahali panapopitwa na watu wengi kama korido, ofisi au duka. Ni mti wa kumchosha fundi na kumalizia misumeno, na ukilowa hutoa rangi ya manjano inayochafua nguo na kuta, lakini sakafu yake huvumilia. Mukusi, unaotoka upande wa magharibi wa Zambia, ni mzito kuliko huo, na katika nchi za kusini mwa Afrika umetumika kwa miongo mingi kwa sakafu na kwa mataruma ya reli. Ukibahatika kupata vipande vyake vya zamani vilivyong'olewa katika jengo, vichukue. Ila mataruma yenyewe ya reli usiyalete ndani ya nyumba kama yalipakwa kreosoti, dawa nyeusi ya kuhifadhi mbao, kwa maana hiyo ni sumu na harufu yake haitoki.

Sapeli na jamaa zake wa ukoo wa mahogani, ambao mashariki ya nchi huuzwa kwa jina la libuyu, wana uzuri usiopingika: rangi nyekundu yenye mng'ao unaobadilika unapotembea chumbani. Utulivu wao ni wa wastani tu. Naukubali sapeli kwa sakafu ikiwa umekaushwa vizuri na kupasuliwa katika vipande vyembamba, na ninaukataa ukiuzwa katika mbao pana. Mbau, ule mti mkubwa unaotawala sehemu kubwa za msitu wa Ituri na ambao biasharani huitwa limbali, ni mgumu na wa kahawia nzuri, lakini hunywea kuliko mvule na unahitaji kukaushwa polepole.

Kuna miti ambayo ni jirani zetu lakini haifai kwa kazi hii. Muputu na miti mingine mingi inayofanya msitu wa miombo kuzunguka mji ni migumu, ndiyo, na makaa yake yanawaka vizuri, lakini nyuzi zake huzunguka, mbao zake hujipinda na kupasuka zinapokauka, na haidumu mbele ya wadudu. Mikaratusi ya mashamba hunywea mno, kama tulivyohesabu. Misonobari ni laini, na ingawa inaweza kufaa chumba cha kulala ambako watu huvua viatu, haistahili kuitwa mbao ngumu. Muuzaji akikuambia kwamba mbao zake ni ngumu, amejibu nusu tu ya swali. Nusu nyingine ni kama zinatulia.

Ukavu: jambo la kulipia

Mti bora kuliko yote, ukiuzwa mbichi, ni ubao mbovu wa sakafu. Hapa ndipo ningependa msomaji awe mkali bila kuona aibu. Mbao nyingi zinazopangwa kando ya barabara na katika maghala zimepasuliwa si muda mrefu uliopita, zimekaa juani kwa majuma machache, na kwa nje zinaonekana kavu kabisa, ilhali ndani zina asilimia 20 au 25 ya unyevu. Kwa sakafu ya Lubumbashi tafuta unyevu wa asilimia 9 hadi 12, na ningesema 10 au 11 ndiyo namba ya kulenga, kwa kuwa iko karibu na katikati ya safari ambayo ubao utaifanya kila mwaka kati ya mvua na kiangazi.

Kipima unyevu chenye sindano mbili ni chombo kidogo, na mtu anayejenga nyumba nzima hatajuta kukinunua. Pima mbao kadhaa kutoka sehemu mbalimbali za rundo, si zile za juu tu, na upime katikati ya ubao, mbali na ncha, kwa sababu ncha hukauka kwanza na kumdanganya mpimaji. Asiye na kipima anaweza kutumia mizani ya jikoni na oveni. Kata kipande chenye urefu wa vidole viwili kutoka katikati ya ubao, ukipime mara moja, kisha ukiweke katika oveni yenye joto la nyuzi 103 hivi, ukikitoa na kukipima kila baada ya saa chache hadi uzito usishuke tena. Ondoa uzito wa mwisho kutoka uzito wa kwanza, ugawe kwa uzito wa mwisho, uzidishe kwa mia. Kipande kilichoanza na gramu 250 na kuishia 212 kilikuwa na unyevu wa karibu asilimia 18, na mzigo wa namna hiyo urudishwe au ukaushwe. Kazi hii haifanyiki juu ya mbabula (jiko la makaa): ubao utaungua upande mmoja ukiwa bado na maji upande mwingine, na hesabu itakuwa bure.

Kwa mwenye subira, kiangazi chetu chenyewe ni tanuri la bure. Nunua mbao mwishoni mwa mvua, zipange chini ya bati mahali penye upepo lakini pasipo jua la moja kwa moja, juu ya matofali yanayoziinua kutoka ardhini. Kati ya tabaka na tabaka weka vijiti vikavu vya unene wa sentimita 2 hadi 2.5, vikiwa vimepangwa juu ya mstari mmoja kila baada ya nusu mita, na upake ncha za mbao rangi au nta ili zisipasuke kwa kukauka upesi kuliko katikati. Weka mawe mazito juu ya rundo. Mbao za unene wa sentimita 2.5 za mti wa uzito wa wastani zilizopangwa Aprili zitakuwa zimekaribia kiwango kinachofaa kufikia Agosti, lakini usiwaze kwa kalenda peke yake, pima. Kanuni ya zamani ya maseremala ni mwaka mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene, na kwa miti mizito kama mbambakofi kanuni hiyo bado ina haki yake.

Mbao zikiisha kukauka, zilete ndani ya chumba zitakamowekwa, zikae humo majuma mawili au matatu huku madirisha na milango vikiwa vimekwisha kufungwa mahali pake na plasta imekauka. Kuweka sakafu katika nyumba ambayo kuta zake bado zinatoa maji ni kuinywesha sakafu hiyo unyevu wa ukuta. Kuhusu msimu, Juni na Julai ni wakati mzuri. Anayelazimika kuweka Septemba au Oktoba aache nafasi kubwa zaidi pembezoni, kwa kuwa mbao zake zitavimba, na anayeweka Februari akubali kwamba mianya itaonekana kiangazi kikija.

Upana, mkato na umbo

Mtindo wa sasa unapenda mbao pana, za sentimita 15, 18 hata 20. Katika nyumba za nchi zenye hewa isiyobadilika sana, na kwa mbao za tabaka, hilo linawezekana. Kwa mbao za mti mzima Lubumbashi nashauri milimita 70 hadi 90. Ubao ule wa mvule ulionywea milimita 1.3 ukiwa na upana wa 120 utanywea chini ya milimita 0.8 ukiwa na upana wa 70, na ufa huo jicho halihangaiki nao. Mti ni uleule na hewa ni ileile, lakini mwendo umegawanywa katika mianya mingi midogo.

Njia ya kupasua gogo ina uzito uleule. Ubao uliopasuliwa ukielekea kitovu cha gogo, ambao ukiutazama kwenye ncha unaona mistari ya ukuaji imesimama, hunywea kwa upana karibu nusu ya ubao uliopasuliwa kwa kufuata mgongo wa gogo, ambao mistari yake imelala. Huna haja ya kumwomba mpasuaji akukatie gogo zima kwa njia hiyo, kwa sababu hupoteza mbao nyingi, lakini unaweza kuchagua kwenye rundo: zitazame ncha moja moja, weka pembeni zile zenye mistari iliyosimama, na uzitumie katika chumba kikubwa. Wakati huohuo kataa mbao zenye sehemu nyeupe ya nje iliyokuwa karibu na ganda. Sifa zote za kudumu za mninga na mvule ni za kiini chake. Ile sehemu nyeupe huliwa na wadudu, na baada ya muda utaona unga mwepesi ukitoka kwenye vitundu vidogo.

Nina upendo wa pekee kwa parke (sakafu ya mbao) ya vipande vidogo, ile ya mifupa ya samaki au ya miraba, na sababu zangu si za uzuri tu. Vipande vifupi na vyembamba hugawa mwendo wa mbao katika pande mbili, hivyo sakafu nzima haivutani upande mmoja. Hukubali mbao fupi ambazo watengenezaji wa meza na vitanda huzitupa au huziuza kwa kuni, kwa hiyo mtu mwenye fedha kidogo anaweza kupata mninga mzuri kwa bei ya masalio. Huhitaji fundi mvumilivu, sakafu ya saruji iliyonyooka na gundi nzuri. Kwa mbao ndefu za kupigiliwa juu ya maboriti, unene uwe milimita 20 hadi 22, na maboriti yapangwe kila baada ya sentimita 40 hivi. Kwa zile za kugundishwa moja kwa moja juu ya saruji, milimita 14 au 15 zinatosha. Popote pale, acha nafasi ya milimita 10 hadi 15 kati ya mbao na ukuta kuzunguka chumba chote, nafasi ambayo mbao za ukutani zitaificha. Fundi anayekuambia kwamba kazi safi ni ile iliyobana hadi ukutani hajaona mbao zikivimba mwezi wa Januari.

Chini ya mbao: saruji na mchwa

Yeyote aliyepita nje kidogo ya mji ameviona vichuguu vya Katanga, vingine virefu kuliko nyumba, na anajua kwamba udongo wake hufyatuliwa matofali. Kiwanja kilichojengwa juu ya kichuguu kilichobomolewa kinaweza bado kuwa na mchwa chini. Kabla ya kumwaga saruji, udongo utibiwe kwa dawa ya mchwa inayofaa majengo, na karatasi ya plastiki nene, ya mikroni 200 au zaidi, itandazwe chini ya zege, ikipandishwa kidogo ukutani. Karatasi hiyo huzuia pia unyevu wa ardhi usipande, na ndiyo inayosahaulika kwa urahisi kwa sababu haionekani kazi ikiisha.

Saruji mpya hukauka polepole. Siku 28 ambazo mafundi huzitaja ni za kupata nguvu. Ukavu huchukua muda mrefu zaidi, hasa katika mvua. Jaribio rahisi ni kubandika kipande cha plastiki inayopenyesha mwanga, chenye upana wa nusu mita au mita moja, kwa utepe unaoziba pande zote, na kukiacha siku nzima na usiku wake. Ukikuta matone chini yake au saruji imekuwa nyeusi, subiri. Katika nyumba ya zamani iliyo na sakafu ya saruji iliyopakwa nta, nta hiyo ikwanguliwe yote, vinginevyo gundi haitashika.

Zile zinazofanana na mbao

Madukani utakuta bidhaa tatu ambazo wauzaji huziita kwa jina moja la parke. Ya kwanza ni mbao za mti mzima, ambazo tumezizungumzia. Ya pili ni mbao za tabaka: juu kuna mti wa kweli, chini kuna tripleksi (plaiwudi) au mbao laini zilizogundishwa kwa kupishana, na mpishano huo huzifanya zitulie sana. Kwa hewa yetu ni uchaguzi wenye busara, mradi uulize unene wa tabaka la juu. Likiwa na milimita 4 hadi 6 sakafu inaweza kupigwa msasa zaidi ya mara moja katika maisha yake, likiwa chini ya milimita 2.5 hiyo ni ngozi tu. Ya tatu ni laminati, yaani picha ya mbao iliyobandikwa juu ya unga wa mbao ulioshindiliwa. Haina kosa ikiuzwa kwa jina lake na kwa bei yake, lakini haipigwi msasa, na maji yakiingia kwenye maungio huvimba na kubaki hivyo. Kuitambua ni rahisi: tazama ukingo wa kipande, na uone kama nyuzi za juu zinaendelea hadi chini.

Rangi, mwanga na vumbi

Sasa rangi. Ichague ndani ya chumba chenyewe, mchana na jioni, ukiwa na vipande vya kiasi cha kiganja viwili au vitatu, vilivyokwisha kupakwa mafuta au vanishi utakayotumia. Kisha fikiria itakavyokuwa baadaye. Mti wa paduki, mwekundu kama pilipili siku ya kwanza, utakuwa wa kahawia iliyopoa. Wenge mweusi hupauka mbele ya dirisha. Mvule hukolea. Weka kipande juani kwa majuma kadhaa, nusu yake ikiwa imefunikwa, na utaona hatima ya sakafu yako kabla ya kuilipia. Katika chumba chenye zulia kubwa, jambo hili si dogo, kwa kuwa chini ya zulia rangi haitabadilika sawa na pembeni.

Sakafu nyeusi huonyesha vumbi, na vumbi letu la kiangazi ni jekundu na lina mchanga unaokwaruza. Kwa nyumba ambayo ua wake si wa mawe wala majani, nachagua rangi ya kati yenye michirizi, kama mninga, na umaliziaji usiong'aa. Mafuta magumu yanayoingia ndani ya mbao yananifaa kuliko vanishi, kwa kuwa sehemu iliyochakaa mlangoni hutengenezwa peke yake bila kugusa chumba kizima. Gharama yake ni kuyapaka upya mara kwa mara. Vanishi hudumu zaidi bila kuguswa, lakini ikichubuka sana chumba chote hupigwa msasa. Weka zulia la kufutia miguu nje ya mlango na jingine ndani. Mwelekeze pia anayesafisha nyumba: sakafu hii haimwagiwi ndoo ya maji na kusukumwa kwa raklo (mpira wa kusukumia maji) kama karo (vigae), hufagiwa kwa ufagio laini na kufutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri. Bafu na sehemu ya kuoshea vyombo viachiwe karo.

Karatasi za mbao

Mti una asili yake, na mnunuzi ana wajibu wa kuiuliza. Sheria ya misitu ya Kongo, namba 011/2002 ya tarehe 29 Agosti 2002, inataka mbao zikatwe kwa kibali, hata zile zinazokatwa na wapasuaji wadogo. Mwombe muuzaji akuonyeshe karatasi zinazosema mbao zilitoka wapi. Mkataba wa CITES, ule wa kulinda wanyama na mimea walio hatarini, unasimamia biashara ya kimataifa ya miti kadhaa tuliyoitaja au inayouzwa hapa: afromozia imo katika Kiambatisho cha II tangu 1992, mukula, mti mwekundu wa jamii ya mninga, uliingizwa 2019, na mkutano wa Panama wa 2022 ulipanua orodha hiyo kwa jamii za mninga, mbambakofi na mahogani za Afrika. Mbao hizo zikivuka mpaka, iwe Kasumbalesa au kwingineko, zinahitaji kibali.

Mukula simshauri mtu yeyote autumie kwa sakafu. Ni mti unaokua polepole, umeondolewa katika misitu yetu kwa kasi ya kusikitisha kwa ajili ya soko la China, na uwekundu wake haufanyi sakafu kuwa bora kuliko ile ya mninga. Afromozia na wenge nazo ziko hatarini porini, kwa hiyo ukizitaka, zitafute katika majengo yanayobomolewa. Mbao za nyumba ya zamani zimekauka kwa miaka mingi, zimeonyesha mienendo yake yote, na kazi yake ni kung'oa misumari tu.

Kiasi cha kununua

Kosa la kawaida katika hesabu ni kupima chumba na kununua mbao za eneo hilohilo. Chumba cha mita 4.5 kwa 5.2 kina mita za mraba 23.4. Ongeza asilimia 10 kwa mbao zilizonyooka, au 15 kwa mifupa ya samaki, na utahitaji karibu mita za mraba 26 au 27 za mbao zilizokwisha kupigwa randa. Lakini sokoni unanunua mbao za msumeno. Ubao wa mita 4 wenye upana wa sentimita 20 unaonekana kuwa na mita za mraba 0.8, ukinyooshwa kingo, ukapasuliwa mara mbili, ukapigwa randa na kutolewa ulimi na mfereji wa kuunganishia, utabaki na nyuso mbili za milimita 80, yaani mita za mraba 0.64. Kwa chumba hicho, anayehesabu kwa 0.8 atanunua mbao 33 na kuishiwa kabla ya kufika dirishani, ilhali zinazohitajika ni mbao 41, bila kuhesabu zile zitakazokataliwa kwa kupinda. Nunua zote kwa mara moja, kutoka mzigo mmoja, kwa sababu mninga wa mwezi ujao unaweza kutoka msitu mwingine na kuwa na rangi nyingine. Vipande vitakavyosalia viweke vimelala juu ya kabati ndani ya nyumba hiyohiyo, vipate hewa ileile ya sakafu, ili siku ubao mmoja utakapohitaji kubadilishwa fundi apate wa kufanana nao kwa unene na kwa unyevu.